Kutazama na Kuonana

Katika Kiswahili tunalo neno moja, sanamu, na tumelitwika mizigo mingi. Askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 ni sanamu. Mwanasesere wa mtoto ni sanamu. Katika vitabu vya zamani hata picha iliyochorwa huitwa sanamu. Na vile ambavyo Nabii Ibrahimu alivivunja kwa shoka, kama tulivyosimuliwa na maalimu chuoni, navyo ni masanamu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na huko lilikotoka maana yake ni hii ya mwisho: kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Kwa hiyo mtoto wa pwani anapolisikia neno hili, kabla hajaona kitu chochote, tayari amekwisha kuhukumu.

Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Mtaani kwetu Tanga palikuwa na duka la familia ya Kihindi. Mabanyani, kama watu wa pwani walivyozoea kuwaita Wahindu. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, nasi watoto tulimwita Mama Duka. Nyuma ya meza yake, juu ya magunia ya sukari, palikuwa na kishubaka, na ndani yake alikaa mtoto wa shaba, mdogo kama kiganja, anatambaa huku ameshika donge mkononi. Baadaye sana nilijua kwamba yule ni Krishna katika utoto wake, na donge lile ni siagi. Kila asubuhi alivishwa nguo. Siku moja ya kipupwe, nilipotumwa kununua mafuta ya taa, nilimkuta amevishwa sweta ndogo iliyofumwa kwa sufi. Nikacheka, nikauliza, "Mama, sanamu inasikia baridi?" Mama Duka akanitazama, akasema, "Wewe umevaa sweta. Yeye je?"

Nikaenda kuwasimulia wenzangu, na kwa wiki nzima mchezo wetu ukawa kulisha mawe na kuyavisha matambara. Kilichotuchekesha zaidi ni lile neno "yeye". Mimi nilikuwa nimeuliza kwa ngeli ya vitu, naye akanijibu kwa ngeli ya watu. Nikadhani hajui Kiswahili. Baadaye nikawa mwalimu wa lugha na fasihi, nikafundisha ngeli hizo hizo kwa miaka mingi, na bado sikuwahi kurudi kuyafikiri mazungumzo yale mafupi. Ilibidi nipelekwe na shida.

Mwaka 2012 mke wangu alihitaji kupasuliwa moyo ili abadilishiwe vali, na kama wagonjwa wengi wa Tanzania wa wakati ule tulielekezwa India, katika mji wa Chennai, ambao zamani uliitwa Madras. Tuliandamana na dada yake mkubwa. Vipimo vilichukua siku tisa. Asiyewahi kungojea majibu ya mtu wake hajui jinsi saa inavyoweza kukaa pale pale. Siku ya nne shemeji yangu aliniambia waziwazi kwamba niondoke pale benchi, maana uso wangu unamtia mgonjwa hofu. Basi nikaenda Makumbusho ya Serikali yaliyoko Egmore. Siku ile sikuwa na hamu ya sanaa hata kidogo. Nilitaka kivuli na mahali pasipo na harufu ya dawa.

Katika jumba la shaba alisimama Nataraja, yaani Shiva akiwa Bwana wa Ngoma, aliyetoka kijiji cha Tiruvalangadu. Ni kazi ya zama za wafalme wa Chola waliotawala kusini mwa India, na kimo chake kinapita mita moja kidogo. Umbo hili lina kanuni zake, na hata asiyewahi kufika India huenda ameliona katika picha. Mguu wa kulia umekanyaga kijitu kifupi, ambacho ni ujinga na usahaulifu wa binadamu. Mguu wa kushoto umeinuliwa ukavuka mbele ya mwili. Mikono ni minne. Wa juu kulia hushika kigoma chenye kiuno chembamba, ambacho mlio wake ni mwanzo wa viumbe. Wa juu kushoto hushika moto, ambao ni mwisho wao. Mkono wa chini kulia umefungua kiganja mbele yetu, ishara ya kuondoa hofu. Wa chini kushoto umepita mbele ya kifua, na vidole vyake vinaelekea kwenye mguu ulioinuliwa, kwamba hapo ndipo pa kukimbilia. Sikio moja lina kipuli cha kiume na jingine lina kipuli cha kike. Kwa kawaida duara la moto huuzunguka mwili wote, lakini la huyu wa Tiruvalangadu limepotea, naye amebaki akicheza peke yake hewani.

Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Jambo lililonishika ni hili: viungo vyote vinakwenda, uso haukwenda. Mikono inatupwa huku na huku, goti limekunjwa, kiuno kimepinda, lakini ukishuka kwa macho kutoka paji la uso hadi kitovu na hadi kisigino kinachokanyaga, unaona mstari uliotulia kama mlingoti wa jahazi wakati matanga yanapigwa na upepo. Msanii dhaifu angeufanya uso nao ucheze. Huyu aliuacha utulie, na kwa kuutuliza akaipa ngoma kasi.

Sikuwa wa kwanza kuona hivyo. Mchonga sanamu mkubwa wa Ufaransa, Auguste Rodin, aliandika kurasa chache juu ya Nataraja wa Madras, zikachapishwa mwaka 1921, baada ya kifo chake. Rodin hakuwahi kufika India. Alikuwa na picha tu. Lakini jicho lake lilikuwa la fundi, na alichokisifu ni mwili: midomo, mapaja, kivuli kinavyotambaa juu ya shaba. Mbele ya Rodin, Nataraja ni umbo la binadamu lililofikia ukamilifu. Upande wa pili yupo Ananda Coomaraswamy, aliyezaliwa Colombo mwaka 1877, baba Mtamili na mama Mwingereza, ambaye insha yake juu ya ngoma ya Shiva katika kitabu cha mwaka 1918 ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kumsoma Nataraja. Yeye hakujishughulisha sana na mapaja. Alieleza maana: kigoma ni kuumba, kiganja ni kuhifadhi, moto ni kuangamiza, na kadhalika mpaka kila kiungo kimepata somo lake. Aliyoyaandika yalienea mbali, hata mwaka 2004 India ilipokitunuku kituo cha utafiti wa chembe za atomu huko Geneva, ilipeleka Nataraja, awe mfano wa mwendo usiokoma ndani ya maada.

Mwalimu mwenzangu wa fasihi atakuwa ameshatambua ninakoelekea. Hawa wawili ni fani na maudhui. Rodin ameshika fani, Coomaraswamy ameshika maudhui. Katika shule zetu tulifundisha uhakiki kwa njia hii, tukabishana kama fani ni kikombe na maudhui ni chai, au kama ni pande mbili za sarafu moja, na mtihani ukaja, na wanafunzi wakapata alama zao. Siku ile Egmore nilikuwa na vyote viwili. Niliona umbo, na kwa kibao kilichokuwa ukutani na kumbukumbu ya niliyoyasoma niliweza kutaja maana. Ningeweza kujibu swali lolote la mtihani. Lakini kile kiganja kilichofunguliwa kilikuwa kinamwambia mtu asiogope, nami nilikuwa mtu mwenye hofu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na hakikuniambia kitu. Nilikiandika katika daftari kama mfano wa ishara. Kisha nikarudi hospitalini.

Upasuaji ulichukua saa sita. Siku ya tano mgonjwa alipotolewa chumba cha uangalizi na kuanza kulalamikia chakula, shemeji alisema sasa naweza kwenda mbali zaidi. Nikapanda gari moshi la usiku kwenda Thanjavur, zaidi ya kilomita 300 upande wa kusini, katika tambarare ya mpunga ya mto Kaveri.

Hekalu kubwa la Thanjavur lilijengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza na kukamilika mwaka 1010. Mnara wake una kimo cha karibu mita 60, wote wa jiwe gumu la matale, katika nchi ya mashamba ya mpunga ambamo jiwe la namna hiyo halipatikani karibu. Mtembezaji mmoja alinishika mkono langoni akaniambia jambo ambalo huambiwa kila mgeni: kwamba mafundi walikuwa na maarifa makubwa hata kivuli cha mnara hakianguki chini. Ilikuwa saa kumi alasiri. Kivuli cha mnara kilikuwa kimelala juu ya ua mzima, na watoto wa shule walikuwa wameketi ndani yake wakila njugu. Nilimwonyesha. Akacheka, akasema ndivyo wanavyosema watu. Nimelitaja jambo hili kwa sababu linaeleza ugonjwa mmoja wa kutazama majengo: tunapewa muujiza wa uongo ili tusiutafute wa kweli.

Ule wa kweli uko katika mpango wa jengo. Unapita lango la kwanza, kisha la pili, kisha ua mpana wenye jua kali. Mbele yako amelala Nandi, fahali wa Shiva, mkubwa kupita tembo, wa jiwe moja, aliyewekwa na watawala wa baadaye. Naye hakutazami wewe, anatazama ndani. Ukifuata anakotazama unapanda ngazi, unaingia ukumbi wa nguzo, kisha ukumbi mwingine, na kila hatua mwanga unapungua na dari inashuka. Mwisho kabisa ni chumba kisicho na dirisha, ambacho kwa lugha yao huitwa nyumba ya mimba. Humo mna linga, jiwe refu la mviringo ambalo ni alama ya Shiva, na taa za mafuta. Mnara wote ule wa nje umekaa sawasawa juu ya chumba hicho cha giza, na ndani ya mnara ni uwazi mtupu.

Mimi ni Mwislamu. Nyumba ya ibada niliyoizoea imejengwa kwa ajili ya safu. Tunasimama bega kwa bega, sote tunaelekea upande mmoja, na jengo zuri ni lile linaloipa safu nafasi. Thanjavur nilielewa kwamba nilikuwa nimebeba kipimo kisichofaa. Hekalu halikupangwa kwa safu. Limepangwa kwa mwendo wa mtu anayemwendea mwenyeji: kuta, milango, giza linaloongezeka, vyote ni maandalizi ya dakika moja ya kusimama mlangoni mwake. Anayelipima kwa ukubwa wa kumbi atasema lina mapambo mengi nje na nafasi ndogo ndani. Atakuwa amepima urefu wa barua bila kujali imeandikwa kwa nani.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kustaajabu tu. Msingi wa hekalu lile umechorwa maandishi ya Kitamili pande zote, na ni daftari ya hesabu. Mfalme aliagiza yaandikwe aliyoyatoa yeye, aliyoyatoa dada yake mkubwa Kundavai, waliyoyatoa wake zake na watu wengine. Yameorodheshwa majina ya wacheza ngoma 400, wanawake walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja na nyumba yake na fungu lake la mpunga. Imeorodheshwa dhahabu, na haikufichwa kwamba baadhi yake ni nyara za vita alivyowapiga Wachera na Wapandya. Vijiji vya Sri Lanka navyo viliandikiwa kulilisha hekalu. Na jengo lenyewe liliitwa kwa jina la mfalme. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba mnara ule unamtangaza Rajaraja kama unavyomtangaza Shiva. Katika mahekalu ya baadaye, kama lile la Meenakshi huko Madurai, mambo yaligeuzwa: minara mirefu ikawa malangoni, mahali pa watu wengi, na chumba cha ndani kikabaki chini, hakionekani kwa mbali. Mimi nayapendelea hayo. Yanajua kuficha.

Tena milango ile yote haikuwa wazi kwa kila mtu. Kwa karne nyingi Wahindu wa tabaka walizoziita najisi walizuiwa kuingia. Madurai waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1939, baada ya mapambano. Mwendo ule mzuri wa kumwendea mwenyeji, ambao nimeusifu hapo juu, ulikuwa na watu waliokomea barabarani. Uzuri wa mpango haupunguzi dhuluma hii, na mhakiki anayeupima mpango auandike pamoja na waliofungiwa nje.

Kuna jambo jingine la Thanjavur ambalo nililiona kwa picha tu, kwa sababu liko ghorofa ya juu ambako wageni hawapandi. Huko Shiva amechongwa ukutani akicheza mikao ya ngoma iliyofundishwa katika elimu yao ya kale. Mikao ni 108. Iliyochongwa ni 81. Mawe 27 yaliyobaki yamepangwa mahali pake, yamelainishwa, hayakuguswa. Miaka elfu imepita na yangali yanangoja. Katika jengo lote lenye majina ya wafalme, mawe hayo matupu ndiyo yaliyonifanya nimfikirie fundi, mtu mwenye patasi mkononi, ambaye siku moja aliondoka na hakurudi.

Mafundi wa shaba hawajaondoka. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi hadi Swamimalai, karibu na mji wa Kumbakonam, ambako familia zao zinasubu shaba kama zilivyosubu baba zao. Kazi huanza kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo wa mti na mafuta. Vipimo huchukuliwa kwa ukuti wa mnazi: fundi hukata ukanda wa jani urefu wa kimo anachokitaka, kisha huukunja na kuukunja tena, na mikunjo ndiyo humwambia uso uishie wapi, kifua kiishie wapi, goti likae wapi. Nilikuja kutoka nchi ya minazi, nimesukiwa makuti tangu utotoni, na sikuwahi kudhani kwamba ukuti unaweza kuwa rula ya mungu. Umbo la nta likishakamilika hupakwa udongo laini wa Kaveri, tabaka juu ya tabaka, hukaushwa kivulini, kisha hupashwa moto mpaka nta itoke na kuacha uwazi. Ndani ya uwazi huo humiminwa shaba. Kalibu huvunjwa ili kulitoa umbo, kwa hiyo hakuna umbo linalorudiwa sawasawa. Baada ya hapo ni patasi na tupa kwa wiki nyingi.

Macho hufunguliwa mwisho. Kufanya hivyo kuna ibada yake na kifaa chake cha dhahabu, na mapokeo yao yanasema kwamba jicho likishafunguliwa, macho hayo yanatazama. Kabla ya hapo ni shaba. Baada ya hapo fundi mwenyewe, aliyelishika na kulipiga tupa, hulisujudia. Nilimwuliza mmoja wao, kwa msaada wa kijana aliyejua Kiingereza, ni kazi gani anayoiona nzuri kuliko zote alizozifanya. Alitaja hekalu lililo mbali. Nikauliza uzuri wake uko wapi. Akasema watu huenda kumwona kwa wingi.

Jioni ile nilirudi Thanjavur, na kumbe ilikuwa siku ya ibada inayofanywa mara mbili kila mwezi kabla ya jua kuzama. Ua ulijaa watu. Nandi alioshwa kwa maziwa, kwa mtindi, kwa manjano, kwa liwa. Maji meupe na ya njano yakatiririka juu ya mgongo wake, na watu wakaita kwa sauti moja. Mimi nilisimama pembeni, karibu na ukuta. Kisha likatoka kundi la wanaume limebeba jukwaa kwa miti mabegani, na juu yake Shiva na mkewe, wa shaba, wadogo.

Hapo nikaona kosa langu lote la Egmore. Mwili haukuonekana. Hakikuonekana kiuno, wala paja, wala huo mstari niliouita mlingoti. Hariri ilifunika kuanzia shingoni, na juu ya hariri mashada ya asumini na waridi, mpaka kilichobaki ni uso mdogo unaong'aa katikati ya maua. Yote ambayo Rodin aliyasifu, waumini hawakuyaona. Wala hawakuwa wakisoma orodha ya maana kama Coomaraswamy. Jukwaa lilipokaribia kila mtu alinyoosha shingo, akina mama wakawanyanyua watoto, na sababu haikuwa kuona tu. Kwa lugha zao jambo hili huitwa darshana: kwenda kuona, na wakati huo huo kuonwa. Vitundu na pete vilivyoko katika vitako vya kazi hizi, ambavyo makumbushoni nilividhani mapambo, ni vya kupitishia miti na kamba. Mungu mkubwa wa jiwe hatoki ndani. Huyu wa shaba ndiye anayetoka kwenda kuonana na watu.

Kuonana. Nilisimama pale ukutani nikalitamka kimoyomoyo. Lugha yetu ni maskini wa jina kwa kitu hiki, lakini ni tajiri wa kitenzi. Mzee akisema "njoo tuonane", hasemi njoo nikutazame. Kiambishi kile kidogo cha kutendana, nilichokifundisha ubaoni mara zisizohesabika kwa mifano ya kupigana na kupendana, kilikuwa na somo la uhakiki ambalo fani na maudhui havikunipa. Kazi hizi zina pande tatu: umbo, maana, na mtu aliyekuja. Ukiondoa upande wa tatu, hizo mbili za kwanza unaweza kuzieleza vizuri kabisa na bado ukawa hujafika.

Sisemi kwamba nilionana naye. Sikusujudu, sisujudu, na imani yangu inanikataza kwa maneno yasiyo na utata. Nilisema tu kwamba mhakiki asiyeamini anaweza angalau kujua alichokikosa, akakiacha mahali pake wazi, kama yale mawe 27.

Ajabu ni kwamba mahakama ya Kiingereza ililifahamu jambo hili kabla yangu. Mwaka 1976 Nataraja mmoja alichimbuliwa katika kijiji cha Pathur, katika nchi hiyo hiyo ya Kaveri, akauzwa kwa siri, akavushwa bahari, na mwaka 1982 akanunuliwa na kampuni ya Kanada. Polisi wa London wakamzuia, na kesi ikaendeshwa huko huko. Miongoni mwa wadai waliotajwa alikuwamo Shiva mwenyewe, kwa njia ya linga ya hekalu lile lililobomoka, kwa kuwa katika sheria ya India mungu wa hekalu anaweza kumiliki mali na kushtaki. Hukumu ya mwaka 1988 iliwapa ushindi, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba hekalu lina haki ya kudai. Nataraja akarudishwa mwaka huo. Kwa maneno ya darasani, mbele ya majaji waliovaa mawigi, kitu kilihamishwa ngeli.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Wizi haukukoma; mwaka 2014 Australia ilirudisha Nataraja wa Sripuranthan, ambaye makumbusho yake ya taifa yalimnunua mwaka 2008 kwa dola za Marekani milioni 5. Na wengi wanaorudi hawarudi kwenye mahekalu yao ya vijijini, ambayo hayana walinzi. Huwekwa katika ghala za usalama za serikali, kama ile ya Tiruvarur, nyuma ya milango ya chuma. Makumbushoni walikuwa wanatazamwa bila kuonana na mtu. Ghalani hawatazamwi wala hawaonani. Sioni jibu jepesi. Kijiji kisicho na kufuli kitaibiwa tena. Lakini anayedhani kwamba kurudishwa India ni kurudishwa nyumbani, amekosea mahali pa nyumbani.

Siku moja kabla ya kuondoka Chennai, mke wangu alisema amechoka kuona kuta za nyumba ya wageni. Tukaenda Egmore polepole, yeye ameshika mkono wangu na kingine kifuani, mahali pa mshono. Nilimpeleka mbele ya Nataraja wa Tiruvalangadu. Hakuwahi kumsikia Rodin, wala Coomaraswamy, wala mimi sikumweleza. Alimtazama kwa muda, kisha akakielekeza kidevu chake kwenye kile kiganja.

"Huyu anatuambia tungoje?"

"Hapana," nikamwambia. "Anasema, usiogope."

Akanyamaza kidogo. "Ulimwona lini?"

"Ile wiki ya vipimo."

"Basi mbona hukuja kuniambia?"

Nilikuwa nimeandika kurasa nne katika daftari siku ile, juu ya mikono na vipuli na mstari wa mwili. Nilitafuta la kumjibu, sikulipata. Tukakaa kwenye benchi mpaka akapumzika, ndipo tukatoka kutafuta bajaji.